Tupeane uzoefu: Bwana afya alipoingia jikoni, alikuta nini?

Mtoa mada, Tabata

Ndugu zangu, salaam. Nimeanzisha mada hii baada ya mdogo wangu kulazwa siku tatu kwa kutapika na kuhara, hali iliyomwanza saa chache baada ya kula wali na maharage katika mgahawa ulio jirani na kazini kwake. Sitautaja mgahawa huo, kwa kuwa hakuna kipimo kilichothibitisha kwamba ugonjwa ulitoka pale, na si haki kumharibia mtu riziki kwa dhana. Nilikwenda ofisi ya kata kumwona afisa afya, naye akaniuliza mgonjwa alikula nini, saa ngapi, na nani wengine walikula chakula hicho, kisha siku iliyofuata akaenda kukagua. Miaka yote niliyoishi jijini Dar es Salaam sikujua kwamba mlaji wa kawaida anaweza kupeleka taarifa ya namna hiyo na ikafanyiwa kazi.

Mwenye mgahawa, ambaye nashukuru hakunikasirikia, alinieleza baadaye kwamba sakafu yake ilikuwa safi, leseni ilikuwa ukutani na wapishi walivaa kofia. Swali lililomshinda lilikuwa moja tu: wali ule ulipikwa saa ngapi? Hakuna aliyejua. Naomba wenye migahawa, mama lishe, wapishi na maafisa afya mtueleze mliyoyaona, ili nasi walaji tujue cha kuangalia.

Mchangiaji, Mbagala (afisa afya mstaafu)

Mtoa mada, pole kwa kuuguza. Nimekuwa bwana afya katika manispaa za jiji hili kwa miaka mingi, na swali hilo la saa ndilo nililolipenda kuliko yote. Mende mtu humwona na akamfukuza. Muda ambao chakula kimekaa hauonekani kwa macho wala haunuki.

Katika wali kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Spora zake, yaani hali yake ya kulala yenye ganda gumu, hustahimili kuchemka, kwa hiyo wali uliopikwa vizuri kabisa huweza kubaki nazo. Wali huo ukiachwa upoe polepole ndani ya sufuria kubwa, spora huamka, bakteria huzaliana, na aina mojawapo hutoa sumu ambayo haiharibiki hata kiporo kikipashwa moto hadi kitoe mvuke. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita hivi. Sisemi kwamba ndicho kilichompata mdogo wako, kwa kuwa hilo lingehitaji maabara, lakini ndiyo sababu mkaguzi huuliza saa. Kanuni tuliyoifundisha ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida: ama kibaki cha moto, juu ya nyuzi joto 60, ama kipozwe haraka na kuhifadhiwa chini ya nyuzi 5. Wali wa kuhifadhi utandazwe kwenye sinia ukiwa mwembamba ili upoe upesi, usiachwe umejazana sufuriani hadi usiku.

Niongeze kidogo kuhusu mamlaka, maana watu huchanganya. Usalama wa chakula ulikuwa chini ya TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, hadi mwaka 2019, majukumu hayo yalipohamia TBS, Shirika la Viwango, na TFDA ikawa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hata hivyo, anayebisha hodi kwenye jiko la mtaani kwa kawaida bado ni afisa afya wa halmashauri.

Mchangiaji, Sinza (mwenye mgahawa)

Shikamoo mzee wangu. Mimi nilikaguliwa mwaka wangu wa pili wa biashara, nikiwa na hakika kwamba ningepita bila dosari. Mkaguzi alifungua friza, akakuta kuku wabichi wamewekwa rafu ya juu na mchuzi uliopikwa rafu ya chini, bila mfuniko. Hakunigombeza, alinionyesha tone la maji ya damu lililokuwa limeganda kwenye ukingo wa bakuli la mchuzi. Sijalisahau tone hilo. Siku hiyohiyo nilihamisha mabichi yote chini na kununua mbao mbili za kukatia, moja ya nyama mbichi na nyingine ya mboga.

Lililonitesa zaidi ni umeme. Ukikatika usiku na kurudi alfajiri, nyama huyeyuka na kuganda tena, na asubuhi unaikuta ngumu kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi mmoja wa majokofu alinifundisha hila ndogo: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kisha kiache ndani ya friza. Ukikuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka ukiwa umelala. Mara mbili nimetupa nyama ya siku nzima kwa sababu ya sarafu hiyo, na iliniuma sana, lakini sikuweza kumpelekea mtu sahani ambayo mimi mwenyewe nisingeila.

Kuhusu kupima afya za wafanyakazi kila baada ya miezi sita, nina jambo linalonisikitisha. Mhudumu wangu mmoja alirudi na kadi yenye muhuri saa moja tu baada ya kuondoka, na nilipomuuliza kama alitoa choo cha kupimwa, aliinamisha kichwa. Nilimrudisha akapimwe kweli, nikalipia mwenyewe, na akakutwa na homa ya matumbo. Alitibiwa, akapimwa tena ndipo akarudi kazini. Kadi ile ya kwanza ingempeleka moja kwa moja kwenye sahani za watu.

Mchangiaji, Mwananyamala (mama lishe)

Nawasalimu wote. Mimi napika karibu na eneo la ujenzi, na wateja wangu ni mafundi na vibarua. Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka jijini kikianzia huku kwetu Kinondoni, tulizuiwa kuuza chakula barabarani. Nilikaa nyumbani majuma mengi nikiwa na watoto watatu. Nilikasirika wakati ule, kisha jirani yangu wa mlango wa tatu akafariki kwa ugonjwa huo, na hasira yangu ikaisha.

Niliporudi kazini nilibadilisha mambo mawili. La kwanza ni beseni la kunawia, ambalo wateja kumi walikuwa wakitumbukiza mikono katika maji yaleyale. Sasa nina ndoo yenye koki na sabuni. La pili ni kachumbari. Zamani niliikata asubuhi ikakaa hadi saa nane mchana. Sasa nyanya na vitunguu huoshwa kwa maji yaliyotiwa dawa, na hukatwa mteja akishaagiza. Bibi afya wa kata yetu hupita mara kwa mara, nami humkaribisha, ila ningependa wakaguzi wakumbuke kwamba sisi tusio na bomba tunanunua maji kwa dumu, na kila tunaloambiwa tuoshe zaidi linaingia kwenye bei ya sahani ya kibarua.

Mchangiaji, Kigamboni (mpishi)

Kwa wapenda samaki: jodari wa soko la samaki la Feri akicheleweshwa bila barafu, hujenga histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, nayo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Niliwahi kuwaona wateja watatu wa meza moja wakigeuka wekundu usoni, wakiumwa kichwa na kujikuna, nusu saa baada ya kula. Walidhani ni mzio. Tangu hapo nakwenda sokoni na boksi langu la barafu, na jodari asiye kwenye barafu simnunui hata akishushwa bei.

Mchangiaji, Buguruni

Alikuja mtu akijiita mkaguzi, hana kitambulisho, akataka faini ya papo hapo mkononi. Nifanyeje akirudi?

Mchangiaji, Mbagala (afisa afya mstaafu)

Mwombe kitambulisho, na upige simu ofisi ya kata akiwa bado amesimama hapo. Malipo halali ya serikali hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi. Mkaguzi wa kweli pia hukuachia maandishi yanayoeleza kasoro na muda wa kuirekebisha.

Mtoa mada, Tabata

Ahsanteni sana. Jana nilipita kwenye ule mgahawa. Kila sufuria sasa ina kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye mfuniko, kimeandikwa saa ya kuipua, na wali ulioonyesha saa nne asubuhi ulikuwa umekwisha kuondolewa nilipofika saa tisa alasiri. Dada wa Mwananyamala, naomba utufafanulie: ukishatia dawa kwenye maji ya kuoshea kachumbari, unasubiri muda gani?

Mchangiaji, Mwananyamala (mama lishe)

Nafuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kulingana na ukubwa wa ndoo, nakoroga, nafunika, nangoja nusu saa. Maji yakiwa na vumbi au rangi nayachuja kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu.