Yule mzee wa "too" na "very" leo amenimaliza mbele ya wakwe

Yakhe, nyote mwamjua. Kalamu tatu mfukoni, miwani ya kamba, hakosi arusi wala matanga, kazi yake kusahihisha Kiingereza cha watu. Leo kikao cha kamati ya arusi Makadara, nasoma ujumbe wa kuwashukuru wakwe waliotoka Uingereza: "The food was too delicious." Mzee akasimama. Akavua miwani. "Too? Kwani biriani lilizidi utamu likawashinda?" Ukumbi wote ukaangua kicheko, wallahi hata mtoto wa kunyonya aliachia ziwa acheke.

Nikafuta, nikaweka "very delicious". Akavua miwani TENA! Ati "delicious" ishafika juu, haitaki "very", yataka "absolutely". Nikauliza, na "tasty" je? Ati hiyo "very" ni sawa, "absolutely" makosa. Nani aliyekaa akayagawa haya? Na kwa nini miwani ivuliwe mbele ya wakwe?

Bi Kachri: Mzee kasema kweli lakini 😂 Chai ikiwa "very hot" wapuliza wanywa. Ikiwa "too hot" hainyweki. Wapishi umewatukana kwa mkono wako.

Mtoto wa Bandani: Mimi alinishika na "I very like". Akavua miwani, ati sema "I really like". Nilikuwa naagiza viazi karai jamani!

Kibarazani: Hamjaonja "quite". Mgeni wangu Mwingereza alisema chumba ni "quite good", nikamchinjia kuku. Kumbe kwao ni hivi hivi tu, chapita. Angekuwa Mmarekani hapo kanisifu. Kuku wangu nani atanilipa?

Mwenye uzi: Naongea miwani, nyinyi mwaniletea kuku!

Bi Kachri: Andika "absolutely furious", yaani umekasirika mno, upoe. Usiseme "very furious", atakuja.

Sinia la Nyuma: Ngojeni, ni arusi ile ya Jumamosi? Hiyo "delicious" mliila wapi? Sinia letu watu wanane, paja moja la kuku, na lenyewe lilikuwa la mapambo.

Mtoto wa Bandani: Nyinyi mlipata paja? Kwetu wali na kachumbari.

Kibarazani: Upande wa wanawake yasemekana nyama ilirudi jikoni.

Bi Kachri: Ilirudi kwa nani? Sisi tuliletewa mchuzi mtupu. Kamati ijibu hapa hapa, na aliyeshika ufunguo wa jikoni mwamjua.