Naomba ushauri: wanafunzi wanapika majibu ya titresheni

Ndugu walimu, ninafundisha kemia changanuzi kwa majaribio, na linalonisumbua ni kwamba katika titresheni (kupima ukolezi wa asidi kwa kuiongezea besi kidogo kidogo) wanafunzi wengi huongeza besi hadi fenolfthalini, yaani kiashiria cha rangi, igeuke waridi iliyokoza, badala ya kusimama kwenye waridi hafifu inayodumu takriban sekunde 30, kisha hurekebisha daftarini ili vipimo vyote vitatu vitofautiane kwa sentimita za ujazo 0.10 tu. Juzi nilikuta bureti (mrija wa kupimia besi iliyotumika) inasoma 26.35, daftari linasema 24.50, na mwanafunzi mwenyewe anatetemeka kwa hofu ya kukosa alama, iliniuma. Ninafikiria kumpa kila mmoja asidi ya ukolezi tofauti, na alama nyingi ziende kwenye maelezo ya makosa ya upimaji. Waliojaribu njia hiyo, mliwezaje kusahihisha bila kulemewa?