Uani kwa Bibi: kikundi cha ukoo, Majengo, Nairobi

JUMANNE

19:52 Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Fundi Mutua amekuja leo kuangalia ukuta wa nyumba ya Bibi, upande wa mtaro. Ameusukuma kwa kidole. Kidole kikaingia.

19:52 Zuhura: 📷 Picha

19:54 Zuhura: Masika hayo yako mlangoni. Tukingoja Machi iingie, ule ukuta utamlalia Mama Otieno akiwa chumbani mwake. Kila mtu aseme usiku huu anatoa ngapi. Mimi naanza na elfu tano.

20:40 Zuhura: Naona tiki za buluu kumi na nne. Majibu sifuri.

20:41 Hamisi: Fundi aache kudunga nyumba za watu vidole 😂

20:41 Aisha: 😂😂

20:43 Zuhura: Hamisi, ulikaa nyumba ile bure mpaka ukaoa. Cheka ukituma.

20:47 Shiro: Waleikum salaam dada. Mimi nauliza tu, si tupige lipu ya simiti yote tumalize? Huku Githurai watu wanapiga lipu na inakaa.

20:56 Zuhura: Wifi, ndilo swali nililomuuliza fundi. Huko kwenu ni mawe, hapa ni fito na udongo. Anasema udongo unafura ukilowa na kunywea ukikauka, na simiti haifuati, kwa hivyo inaachana na ukuta. Halafu maji yakipenya nyuma yake hayana pa kutokea. Fito zinaozea humo humo, mchwa wanakula, na wewe nje unaona ukuta umependeza. Si mnakumbuka lipu tuliyopiga mbele kwa sababu ya harusi ya Mwanaidi?

20:58 Mwanaidi: Ilidumu kuliko baadhi ya mambo mengine ya harusi hiyo.

20:58 Hamisi: 🙆🏾‍♂️🙆🏾‍♂️

20:59 Aisha: Da Mwanaidi 😭😭

21:04 Zuhura: Tafadhali. Tunaongea nyumba. Fundi anataka kuanzia chini: azibue mtaro, maji yaache kusimama pale, ainue msingi wa mawe na simiti futi mbili hivi, atoe nguzo zilizooza aweke mpya, ndipo akandike kwa udongo uliochanganywa mchanga na mavi ya ng'ombe. Tukishikilia simiti, basi kwanza apigilie wavu wa kuku kwenye nguzo ndio lipu ipate pa kushika. Mabati yabadilishwe mwisho.

21:06 Swaleh: Mabati yawe mwisho kweli? Juu kukivuja, ukandikaji wote utaoshwa wiki moja.

21:09 Zuhura: Nilisema mwisho nikimaanisha mwisho wa malipo. Yataingia pamoja. Geji 28, si 30.

21:10 Hamisi: Si 30 ndiyo kubwa?

21:12 Swaleh: Hapana bro. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 28 ni nzito kuliko 30.

21:13 Hamisi: Kumbe mshahara wangu ni geji 32 😂😂

21:13 Shiro: Sisi wa nyumbani tunajua.

21:20 Zuhura: Na safari hii mabati yatashushwa Majengo, si Kayole. Mlangoni kwa Bibi. Mchana, watu wakiona.

21:31 Rashidi: Hayo maneno unamwambia nani?

21:31 Zuhura: Nakiambia kikundi.

21:33 Rashidi: Miaka nenda miaka rudi ni Kayole, Kayole. Mbona hakuna anayeuliza kodi ya vyumba viwili vya nyuma ilikuwa ikiingia simu ya nani?

21:34 Zuhura: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

21:34 Mwanaidi: Mimi nimeuona 👀

21:35 Swaleh: Jamani.

21:36 Aisha: Jamani niko na Bibi hapa, ananiambia nisome kila kitu kwa sauti. KILA KITU.

21:36 Hamisi: Shikamoo Bibi 🙏🏾

21:36 Mwanaidi: Shikamoo Bibi

21:37 Rashidi: Shikamoo Bibi.

JUMATANO

06:15 Zuhura: Habari za asubuhi. Ya jana tuyaache. Kuna jambo la pili. Sukuma ya kumi siku hizi haitoshi watu wawili, na Bibi kila siku anatuma mtoto kibandani. Pale uani nyuma ya kamba za nguo pana ardhi imelala bure. Nimechimba kidogo, udongo mweusi tititi, umeshiba. Fundi akiwa kazini vijana wawili walime pale. Sukuma, managu, kunde, dhania kidogo. Wiki sita tunachuma.

06:17 Zuhura: Nani analeta jembe?

09:48 Shiro: Wazo zuri dada 👏🏾

11:02 Hamisi: Managu nitakula. Kulima nina mgongo.

13:25 Aisha: 🎤 Sauti 2:51

13:26 Aisha: Bibi huyo. Msikilize mpaka mwisho.

13:40 Mwanaidi: Mimi niko kazini, niandikie.

13:58 Aisha: Naandika kama alivyosema:

"Zuhura mwanangu, Mungu akuweke. Pale uani msipande chakula. Udongo ule umeshiba kwa sababu palikuwa na shimo la choo, likajaa, likafukiwa. Babu yenu akalimalizia kwa uchafu wa gereji, mabetri na oili. Mchicha uliota wenyewe pale, mnene kweli kweli, na nilikataza hata kuku asiguse. Mkitaka mboga pandeni kwenye magunia, kwa udongo wa kuletwa.

"Nyumba. Nimesikia mtu alikuwa akisema pembeni kuwa ivunjwe, ijengwe ya matofali vyumba kumi. Mama mkwe wangu alikuwa na nyumba Pangani, ikavunjwa miaka ya 30 akiangalia. Hii alijenga kwa mkono wake, na juu aliezeka madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa. Itengenezwe. Haivunjwi nikiwa ndani yake, kwanza mnizike.

"Na mabati. Yale mabati yalipokosekana, aliyenyeshewa ni mimi. Nikasamehe. Nyinyi mlilowa wapi?"

14:01 Hamisi: Tumesikia Bibi.

14:20 Swaleh: Tumesikia Bibi. Allah akupe afya.

17:46 Rashidi: Tumesikia.

18:30 Zuhura: Tumesikia Bibi. Vyumba kumi halikuwa wazo langu, lijulikane.

20:12 Swaleh: Kuhusu magunia naweza kusaidia, tulifanya pale shuleni. Tafuteni magunia ya kilo 90. Udongo mafungu mawili, samadi fungu moja. Samadi ya mbuzi mtapata Kiamaiko, lakini iwe imeoza, ile mbichi itaunguza miche. Chukua mkebe mkubwa usio na kitako, usimamishe katikati, ujaze kokoto, zungushia udongo, halafu vuta mkebe juu uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Zile kokoto ndizo zinapeleka maji chini, bila hizo mche wa chini unakauka na wa juu unaoza. Toboa ubavuni, panda sukuma kwa kupishanisha. Juu weka vitunguu na dhania. Managu pia.

20:14 Swaleh: Vidukari vikija, jivu. Na magunia yasiwekwe chini ya ukingo wa bati wala yasiegemee ukuta, ama tutakuwa tunaulowesha upya huo ukuta tunaoukausha.

20:15 Hamisi: Kiamaiko nitaenda mimi.

20:15 Shiro: Kwa samadi ama kwa supu?

20:16 Hamisi: Gari haliendi bila mafuta mama

20:17 Mwanaidi: Nileteeni kichwa 😂

20:17 Aisha: Na mimi mutura!

20:31 Zuhura: Mama Otieno atalala wapi nguzo zikitolewa? Hakuna aliyejibu hilo. Fundi anakuja Jumamosi saa moja asubuhi, anataka nusu ya pesa yake mkononi.

20:50 Zuhura: Jamani?

22:03 Shiro: Si apewe kimoja cha vyumba vya nyuma kwa hizo siku?

22:05 Zuhura: Kimoja kina mpangaji. Kingine kina vitu vya Rashidi na ufunguo anao yeye.

22:05 Mwanaidi: 👀

ALHAMISI

05:37 Kassim Doha: Asalaam aleikum familia, nilikuwa shifti ya usiku. Nimeona jumbe 90. Kwani tunajenga ghorofa?

05:38 Kassim Doha: Nani ameaga? Nimeona "mnizike" nikashtuka

06:02 Aisha: Hakuna aliyeaga Ami 😂 rudi nyuma usome

06:10 Zuhura: Kassim, wewe ni elfu kumi na tano.

06:11 Kassim Doha: 😳

06:40 Rashidi: Chumba nitafungua Jumamosi. Vitu vyangu visiguswe mpaka nifike. Na bei ya mabati nilinganishe mimi pale Kamukunji, nina mtu.

06:44 Zuhura: Bei utatafuta. Pesa atashika Swaleh.

06:44 Swaleh: Mimi?

06:59 Rashidi: Sawa, ashike Swaleh. Na za vyumba vya nyuma ashike pia.

08:30 Zuhura: Tutaliongea ana kwa ana.

12:15 Swaleh: Nimepokea: Da Zuhura 5,000, Mwanaidi 3,000, Shiro 2,000. Basi.

12:40 Hamisi: Hiyo ya Shiro ni yetu sote wawili

12:41 Shiro: Nani alisema?

12:52 Hamisi: Kwani ni elfu tano kwa kichwa ama kwa nyumba?

13:30 Kassim Doha: Hilo swali zuri

13:34 Zuhura: Nawapigia mmoja mmoja jioni. Simu zisizimwe.