Maharage na urea: unapanda aina gani, na ulipoweka iliongeza mzigo au iliongeza majani? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Mbozi (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za mashambani. Msimu unakaribia na kila mwaka kipindi hiki swali ni lilelile, maharage yawekewe mbolea ya kukuzia au yaachwe. Bwana shamba mmoja atakwambia maharage yanajitengenezea yenyewe usihangaike, ukienda duka la pembejeo unaambiwa beba mfuko wa urea ekari moja, jirani naye anasema yeye hajawahi kuweka kitu na anavuna. Mimi naona wote wanaongea nusu nusu kwa sababu hakuna anayeuliza swali la kwanza, UNAPANDA MBEGU GANI. Huku kwetu nimepanda Uyole 96 na nimepanda ile ya kienyeji inayorefuka nusu inatambaa, shamba moja, mbolea ileile, na hayakuitikia sawa hata kidogo. Uyole 96 niliyoiwekea DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo) wakati wa kupanda ilitoka na kijani cha kueleweka na ikabeba, ila sehemu niliyoongezea urea juu yake sikuona debe la ziada. Ile ya kienyeji sehemu yenye urea iliota mpaka huoni njia ya kupita, ukifunua chini maganda machache, mengine yamelala kwenye tope yameoza. Wakati kipande chake kisicho na urea kilikaa vizuri tu.

Sasa naomba kila mtu aseme aina, udongo, aliweka nini na lini, na kilichotokea. Hata kama ni kinyume na changu, ndio ninachotaka.

Mama wa Karatu
Lyamungo 90 mimi. Ni fupi haitambai, inawahi, na nikiipanda bila kitu chochote inakuwa ya njano toka majani ya chini, inasimama hivyohivyo karibu mwezi halafu inatoa maua. Nikiweka DAP ya kupandia inaondoka hiyo hali. Sijawahi kuona faida ya kurudi na urea. Ninapochanganya na mahindi ndio kuna kitu nimekiona, yale maharage yaliyo karibu na shina la mahindi niliyoyakuzia ukiyang'oa mizizi yake ni misafi kama imeoshwa, haina vile vinundu, ila yaliyo katikati ya mstari mbali na urea yana vinundu. Shamba moja hilohilo, hatua mbili tu.

Mwanafunzi wa kilimo, Moro
Mama wa Karatu umeongea kitu kikubwa sana. Vile vinundu ndio kiwanda, ndani kuna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani wanaipa mmea, mmea unawalipa sukari. Naitrojeni ikishakuwa nyingi kwenye udongo mmea hauna haja ya kuwalipa hao bakteria, kwa hiyo vinundu havitengenezwi au vinakufa. Ni kama kijana anayetumiwa hela ya kula kila siku, hawezi kuwasha jiko.

Sasa tatizo la maharage haya ya kawaida, tofauti na soya au kunde, ni kwamba kwenye hiyo kazi hayana nguvu sana. Halafu aina na aina zinatofautiana mno. Zile fupi za kuwahi zinamaliza maisha yake haraka, vinundu vinaanza kufanya kazi kama wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota, ikifika hapo maua yamekaribia, kwa hiyo muda wa kiwanda kuzalisha ni mdogo. Zile ndefu za kupanda kwenye miti zina muda mrefu kwa hiyo zinajilisha zaidi. Ndio maana fupi zinashukuru ukizipa kidogo mwanzoni na ndefu zinaishia kuota majani.

Na kidogo maana yake nini, piga hesabu. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una naitrojeni kilo 9 na fosforasi nyingi, mfuko wa CAN (mbolea nyingine ya kukuzia) una naitrojeni kama kilo 13, mfuko wa urea ni kilo 23. Kiwango cha naitrojeni cha kuanzishia maharage kinachosemwa sana ni kilo 20 mpaka 30 kwa hekta, kwa ekari hiyo ni kama 8 mpaka 12. Kwa hiyo mfuko mmoja wa DAP kwa ekari umeshafika. Anayekwambia ongeza mfuko mzima wa urea juu yake anakupeleka kilo 32 kwa ekari, hapo vinundu umeviaga.

Makueni
Jambo wadau. Mimi niko upande wa Ukambani na nataka kuwatetea wanaoweka, kwa sababu mnaongea kama kila mtu ana mvua ya Mbozi. Huku napanda KAT B1 na wakati mwingine Nyota, miezi miwili na kitu hivi yameshakauka, mvua zetu za Oktoba mpaka Desemba ndizo za kutegemea na zikikata zimekata. Udongo ni mchanga, mbolea ya ng'ombe haitoshi hata nusu ya shamba. Hapo ukisema ningoje vinundu nitangoja mpaka lini. Na pia ukame ukiingia vinundu ndivyo vya kwanza kulala, mmea wenyewe unakuwa bado unajikokota. Kwa hiyo mimi DAP ya kupandia siachi, na kama wiki ya pili au ya tatu mvua inanyesha kweli na majani yamepauka naongeza CAN kidogo sana pembeni ya mstari na nafukia. Inaonekana. Ikishapita hapo, maua yakishatokea, hata unipe ya bure siweki, itaenda kwa majani na mvua inaisha. Mama yangu anapanda aina ya Mwitemania, haiwekei chochote na huwa anapata, lakini hajawahi kunishinda kwa gorogoro (kopo la kupimia).

Mkulima wa Mbozi
Makueni asante sana kwa hili, hili la ukame mimi nisingelijua. Swali, ulishawahi kuchimba ukaangalia mizizi ya hiyo KAT B1 kabla ya kuweka CAN?

Makueni
Nimechimba. Vipo vichache vidogo kama kichwa cha pini, vingi vyeupe ndani. Ndio maana naweka.

Vihiga
Hapa kwetu shida haikuwa mbolea kabisa. Tulikuwa tunapanda KK8 kwa sababu ya kuoza mizizi, Rosecoco ilikuwa inatumaliza, KK8 inavumilia. Ila mavuno yakawa yaleyale ya kusikitisha, tunaongeza DAP, tunaongeza CAN, majani bado njano. Tulipopima udongo wakatwambia una asidi, pH iko chini ya 5. Kumbe DAP yenyewe na ile SA (salfeti ya amonia) ukiweka miaka na miaka zinazidisha hiyo asidi, na bakteria wa vinundu hawapendi udongo mchachu, hata fosforasi unayonunua inafungwa humohumo kwenye udongo mmea hauipati. Tukamwaga chokaa kama mwezi hivi kabla ya kupanda, tukachanganya vizuri na jembe. Msimu uliofuata ukichimba mizizi unaona vinundu vimeshikana kama shanga na ukivipasua ni vyekundu. CAN hatukuweka na mavuno yalipanda. Nasema hivi kwa sababu kuna watu hapa watabadilisha mbegu kila msimu, watabadilisha mfuko kila msimu, na tatizo liko kwenye udongo. PIMENI.

Mbulu
Mimi mgeni hapa. Hivyo vyekundu ndio vizuri au ndio ugonjwa? Maana mimi nikiona kitu kimevimba kwenye mzizi najua ni minyoo.

Mwanafunzi wa kilimo, Moro
Swali zuri na wengi wanachanganya. Uvimbe wa minyoo uko ndani ya mzizi wenyewe, mzizi umenenepa, huwezi kuutoa bila kuukata mzizi. Kinundu cha bakteria kimening'inia pembeni, ukikigusa na kidole kinatoka. Kitoe, kipasue na kucha. Chekundu au pinki maana yake kinafanya kazi. Cheupe maana yake bado kichanga au waliomo hawana kazi. Cha kijani au kijivu kimeshazeeka. Na usivute mmea kwa mkono, vinundu vitabaki chini utasema hakuna, chimba na jembe utoe na bonge la udongo ulioshe taratibu kwenye ndoo.

Musanze
Nawasalimu kutoka Rwanda, kwetu ni Bukoba ila nimeolewa huku. Huku milimani watu wanapanda maharage marefu ya kupanda kwenye miti, mti unazidi urefu wa mtu na maharage yanaufikia mwisho yanarudi chini. Mama mkwe hajui urea kwenye maharage. Yeye ni samadi iliyooza kwenye shimo la kupandia, basi, na udongo wa huku wa volkano una nguvu. Shemeji aliwahi kuleta urea akaweka mistari ya upande mmoja na ilikuwa msimu wa mvua nyingi, yale majani yalifungana hewa haipiti, ukungu ukaingia kwenye maganda ya chini. Upande wa mama mkwe tulichuma mabichi ya kula wiki nyingi na bado tukapata makavu. Mnaokuja kwenye maharage marefu, hela ya urea nunueni miti. Miti mifupi au michache inakunyima mavuno kuliko kukosa mbolea.

Lushoto
Naona wote mnaongea ya kukausha. Sisi wa maharage mabichi ya sokoni hali ni nyingine. Tunachuma maganda machanga kila baada ya siku chache, tunamwagilia, mmea hatuuachi ukapumzika, bila CAN maganda yanakuwa mafupi yamejikunja na mnunuzi anayakataa. Kwa hiyo mtu akisoma hapa "maharage hayataki naitrojeni" halafu ana maharage ya kijani ya soko, ataumia.

Mkulima wa Mbozi
Lushoto ni kweli kabisa, na ningependa hayo yawe na uzi wake.

Kuna kitu nataka kukiweka hapa kwa wale wanaosema maharage hayali chochote. Maharage makavu yana protini nyingi, kwenye gunia la kilo 100 naitrojeni iliyomo ni kama kilo 3 na nusu. Mtu anayevuna gunia nane kwa ekari amebeba shambani karibu kilo 28 za naitrojeni akapeleka sokoni. Hiyo imetoka ama hewani kwa vinundu, ama kwenye udongo wako. Kama mbegu yako haijilishi vizuri na hukuweka kitu, basi inakula akiba ya mahindi yako ya mwakani. Hii ndio inaniuma ninapoona mtu anapanda mbegu fupi miaka mfululizo bila samadi bila DAP akiamini anarutubisha shamba.

Mbulu
Nimeenda kuchimba kama mlivyosema. Nina Lyamungo iko wiki ya tatu, nilipanda na mbolea ya fosforasi ya Minjingu. Vinundu vipo ila vidogo na vyeupe, majani ni kijani cha kawaida sio cha kukoza. Mwenye duka ameshaniwekea mfuko wa urea pembeni. Nichukue?

Mama wa Karatu
Usichukue leo. Wiki ya tatu bado vichanga. Chimba tena baada ya wiki moja mimea kadhaa sehemu tofauti za shamba, sio pembeni mwa njia tu. Vikiwa vyekundu mwambie mwenye duka akuwekee kwa ajili ya mahindi.

Makueni
Na vikibaki vyeupe na majani ya chini yakaanza njano, chukua robo ya mfuko kwa ekari, pembeni ya mstari, fukia, udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua. Urea ukiiacha juu ya udongo bila kuifukia, nyingine inapotea hewani.

Mbulu
Sawa wakuu. Jumamosi nachimba tena narudi na picha.