Eti Wamarekani walitumia mamilioni kuunda kalamu ya anga, Warusi wakachukua penseli?

Mdadisi

Wakuu, salaam. Jumamosi nitaongea na watoto wa klabu ya sayansi, wa miaka 11 hadi 14, kuhusu vitu tulivyoletewa na safari za anga. Nilichokusanya mpaka sasa: NASA walitumia mamilioni ya dola kuunda kalamu inayoandika angani, Warusi wakacheka na kuchukua penseli. Teflon ya kwenye vikaango, velkro (ule utepe wa kubandika na kubandua) na ule unga wa kinywaji wa Tang ni kazi ya NASA. Halafu, kwa kuwa nitagusia redio pia, SOS, ule wito wa kuomba msaada, ni kifupi cha "Save Our Souls" (okoa roho zetu), na wanaredio wa ridhaa wanaitwa "ham" kutokana na majina ya vijana watatu wa Harvard: Hyman, Almy na Murray.

Hicho cha kalamu nimekisikia kwenye semina kama mara nne, na kila mkufunzi anakisimulia kana kwamba alikuwepo. Tatizo ni kwamba pale klabuni kuna binti mmoja ambaye ukimwambia jambo lolote anauliza "umejuaje?" Nimeona nije kwenu kabla sijaumbuka. Nibaki na kipi?

Kijiko2

Cha kalamu ni kweli mkuu, hata sisi tulifundishwa kwenye kozi ya uongozi. Usikitoe, watoto watacheka sana.

MzeeNukta

Kijana, kisa hicho nimekisimulia mimi mwenyewe kwa miaka mingi, kwa hiyo naongea kama mwizi aliyetubu. Nilikuwa afisa wa redio melini enzi za Morse, ile alfabeti ya nukta na vistari. Baada ya hapo nikafundisha vijana, na kila darasa jipya nilikuwa nalifungua na kalamu na penseli. Walicheka vizuri. Mpaka siku moja kijana wa nyuma kabisa, mkimya, akanyosha mkono: "Mwalimu, ncha ya penseli ikivunjika kule inaangukia wapi?"

Nikasimama. Haiangukii popote. Inaelea. Na ile risasi ya penseli ni grafiti, kitu kinachopitisha umeme. Kipande kidogo kama punje, au vumbi lake tu, kikiingia nyuma ya swichi kinaweza kuunganisha nyaya zisizotakiwa kukutana. Ongeza na mti wa penseli unaoshika moto. Mwaka 1967, mwezi wa Januari, wanaanga watatu wa Apollo 1 walikufa kwa moto wakiwa bado ardhini kwenye mazoezi, ndani ya chombo kilichojazwa oksijeni tupu. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na hamu ya kupeleka vitu vya kuungua humo ndani.

Nikaenda kutafuta ukweli, na nikaona aibu. Waliotumia penseli kwanza ni Wamarekani pia! Mwaka 1965 NASA waliagiza penseli 34 za kubonyeza, kila moja dola 128.89. Watu wakapiga kelele kuhusu bei hiyo, na hapo ndipo palipo na ubadhirifu halisi, kwenye penseli zenyewe. Kalamu haikuundwa na NASA wala kwa fedha za NASA. Ilitengenezwa na kampuni ya Paul Fisher kwa gharama zake. Mwenyewe alisema ilimla kama dola milioni moja. Ndani ya mrija wake kuna naitrojeni iliyoshindiliwa inayosukuma wino, na wino wenyewe ni mzito, haulainiki mpaka kigololo kiusugue. NASA wakaipima, wakanunua kama 400 hivi kwa dola chache kila moja, na ikaruka na Apollo 7 mwaka 1968. Mwaka uliofuata Warusi nao wakanunua 100, na mirija ya wino 1,000. Kabla ya hapo walikuwa wakiandikia penseli za nta.

Kwa hiyo Mrusi aliyecheka yuko semina tu.

Kijiko2

Mzee, shikamoo. Lakini si bado kalamu ya kawaida haiandiki angani? Wino unahitaji mvutano wa dunia uushushe.

MzeeNukta

Marahaba. Hata mimi niliamini hivyo. Mwaka 2003 Pedro Duque, mwanaanga wa Hispania, alikwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na kalamu ya kawaida kabisa ya kigololo, akaandika nayo. Iliandika. Ukiinua kalamu hapa duniani ukaandika kuelekea juu, wino unakatika kwa sababu mvutano unaurudisha nyuma. Kule hakuna wa kuurudisha.

Na tukiwa kwenye kalamu: Apollo 11 walipokuwa juu ya mwezi, kitufe cha swichi ya kuwezesha injini ya kuondokea kilikatika. Buzz Aldrin alikisukuma kwa kalamu. Wengi wanasema ni hiyo ya Fisher. Hapana, ilikuwa ya ncha laini, zile za kuchorea. Aliichagua kwa sababu ncha yake haikuwa ya chuma, na hutaki kuchomeka chuma mahali penye umeme.

BintiWaMaabara

Mdadisi, huyo binti mpe silaha moja tu: NASA ilifungua milango tarehe 1 Oktoba 1958. Kitu kikiwa na umri mkubwa kuliko hapo, mama yake ni mwingine.

Teflon ni ya 1938. Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont alifungua mtungi wa gesi, gesi ikagoma kutoka ilhali uzito wa mtungi ulionyesha haujaisha. Wakaupasua, wakakuta unga mweupe unaoteleza kama nta. Vikaango vilianzia Ufaransa, kampuni ya Tefal, 1956. Velkro ni ya Mswisi, George de Mestral. Alirudi matembezini mwaka 1941, mbegu zimeng'ang'ania nguo na manyoya ya mbwa wake, akaziweka chini ya hadubini akaona vijindoano. Tang ilibuniwa 1957. Umaarufu ndio uliotoka angani, mwanaanga John Glenn alipoinywa mwaka 1962.

Usiwaache watoto na vumbi tupu lakini. Sponji linalokumbuka umbo, lile la magodoro, kweli limetoka kwenye mradi wa NASA wa viti vya ndege, 1966. Na kihisi cha picha cha aina inayotumika kwenye kamera za simu kilibuniwa na timu ya Eric Fossum kwenye maabara ya NASA ya JPL miaka ya 1990, wakitafuta kamera ndogo za vyombo vya anga. Hicho wanacho mfukoni, anza nacho.

Mdadisi

Nimefuta nusu ya karatasi yangu na bado natabasamu. Mzee, na yale ya redio?

MzeeNukta

Huko ndiko nyumbani kwangu, nivumilie.

SOS si kifupi cha chochote. Ilipitishwa Berlin mwaka 1906, ikaanza kutumika 1 Julai 1908, na ilichaguliwa kwa mlio wake: nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu, mfululizo bila kupumua. Hata sikio lililochoka saa tisa usiku linaamka. Nakuambia kwa sababu nimelikalia hilo zamu. Maneno ya "roho zetu" yalikuja kubandikwa baadaye, kama CQD, wito wa hatari ulioitangulia, ambayo watu waliigeuza kuwa "njoo haraka, hatari". CQ ilikuwa wito kwa vituo vyote, D ya dhiki. Basi.

Hao vijana watatu wa Harvard wasahau. "Ham" lilikuwa tusi la watu wa telegrafu za waya, kabla redio haijazaliwa, kwa mtu mwenye mkono mbovu kwenye ufunguo, kile kitufe cha kupigia Morse. Wa ridhaa walipoanza kujazana hewani, wale wa kulipwa wakawaita hivyo, nao wakalivaa jina bila haya. Nakiri wenzangu wa melini tulikuwa na dharau hiyo hiyo. Kisha nikastaafu, nikafanya mtihani wa leseni, nikawa mmoja wao.

Lakini kama una dakika kumi tu, waambie kisa ambacho hakina chumvi ya ziada. Tarehe 4 Oktoba 1957 Sputnik, satelaiti ya kwanza, ya Warusi, ilipopaa, ilikuwa ikilia kwenye megahezi 20.005, jirani kabisa na kituo cha Marekani cha kutangaza saa. Wanaredio wa ridhaa hawakusubiri magazeti. Walizungusha kitufe kidogo wakaisikia wenyewe. Miaka minne baadaye nao wakawa na satelaiti yao, OSCAR 1, iliyoundwa na watu wa ridhaa wa California. Ilirushwa 12 Desemba 1961, ikiwa na kilo kama 4.5, ikikaa mahali palipokuwa pawekwe kipande cha chuma cha kusawazisha uzito wa roketi. Abiria wa kujazia! Ilituma neno moja tu kwa Morse, HI: nukta nne, nukta mbili. Kwetu ndiyo kicheko. Na kasi ya kicheko ilifuata joto la ndani ya chombo, kwa hiyo aliyehesabu milio kwa saa yake alikuwa anapima halijoto ya satelaiti. Watu zaidi ya 570 katika nchi 28 walituma taarifa za walichosikia, kabla betri hazijaisha baada ya wiki tatu hivi.

Mdadisi

Hicho ndicho nitakachosimulia. Kuna namna ya kuwasikilizisha kitu siku hiyo hiyo?

MzeeNukta

Ipo. Tafuta ratiba ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kupita juu yenu. Wanaanga wakiongea na wanaredio, sauti hushuka kwenye megahezi 145.800. Kusikiliza tu kwa kawaida hakuna shida, kurusha ndiko kunakotaka leseni, ila ulizia sheria za kwenu. Anza na 145.803 kinapochomoza, shuka taratibu kadiri kinavyokuja na kukupita, maana mwendo wake unavuta masafa, kama honi ya gari inayokupita. Mna dakika kumi hivi. Kukiwa kimya msivunjike moyo, nao hulala. Mimi nilikosa mara sita. Ya saba nikasikia sauti ya mwanamke akisoma herufi za wito, yaani jina la kituo hewani, nikasahau kubonyeza kinasa sauti.

Huyo binti mpe karatasi aandike atakachosikia. Penseli inatosha, yuko duniani.