Glaida inarushwaje pasipo ndege ya kuivuta? Swali kutoka Mbeya

Mwalimu wa Uyole

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mbeya, na tangu mwaka jana ninaongoza kikundi cha wanafunzi wanaotengeneza glaida ndogo, yaani ndege zisizo na injini, kwa mianzi, nailoni na gundi ya mbao. Glaida yetu ya sasa ina mbawa za mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Tunairusha mtelemkoni kwa mpira wa tyubu uliokatwa vipande virefu, ukaunganishwa na kamba, kisha ukafungwa kwenye kigingi upande unakotokea upepo. Mara mbili ilipaa vizuri hata wanafunzi wakapiga vigelegele. Mara ya tatu pete ya kamba haikuchomoka kwenye kulabu ya glaida. Glaida ilipopita juu ya kigingi, kamba ikaivuta pua, ikajikunja na kushuka kichwa chini. Bawa la kushoto likavunjika, na ncha ya kamba ikamchapa mwanafunzi mmoja shingoni. Alibaki na mstari mwekundu tu, lakini tangu siku hiyo nimesimamisha mazoezi.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, wenzetu walipataje kurusha glaida kubwa zenye rubani mahali pasipo na uwanja wala ndege ya kuvuta, hata kwa njia ambazo mtu wa kawaida asingethubutu? Wanafunzi wananiuliza, nami sitaki kuwajibu kwa kubahatisha. Pili, je, hewa nyepesi ya huku kwetu juu inabadili chochote?

Fundi Kapi, Iringa

Kamwene Mwalimu, na pole kwa kilichotokea. Ulivyofanya kwa mpira wa tyubu ndivyo Wajerumani walivyofanya kwa watu wazima. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Mkataba wa Versailles uliwabana sana katika ndege za injini, nao wakahamia kwenye glaida, na kuanzia mwaka 1920 wakawa wanakutana kila mwaka kushindana katika mlima Wasserkuppe, wenye urefu wa mita 950. Kamba nene ya mpira ilitiwa kwenye kulabu ya puani, ncha zake mbili zikashikwa na vijana waliojipanga pande mbili kama panda ya manati, huku wengine wameung'ang'ania mkia. Amri ya kwanza ilikuwa kuvuta kwa kutembea, ya pili kukimbia kuelekea bondeni, na ya tatu kuachia mkia. Glaida iliwapita vichwani, nao mara nyingi walijikuta wamelala kifudifudi kwenye majani. Mlima Long Mynd, Uingereza, ni mahali pengine palipodumisha desturi hiyo, kwa sababu upepo wa magharibi ukigonga ukingo wake hupanda juu, na glaida ikishausogelea huo haihitaji nguvu nyingine.

Hata hivyo, njia iliyonishangaza kuliko zote haikupata kutumika. Katika ngome ya Colditz, Ujerumani, maofisa wa Kiingereza waliokuwa mateka walitengeneza glaida ya watu wawili darini, nyuma ya ukuta wa bandia, kati ya mwaka 1944 na 1945. Mbawa walizivika kitambaa cha mifuko ya kulalia chenye miraba ya buluu na nyeupe, na ili kuziba matundu ya kitambaa walipaka uji wa nafaka ya jamii ya ulezi waliyopewa kama posho. Mwalimu, wanafunzi wako wanaujua ulezi. Waambie kwamba kazi hiyo inawezekana hata jikoni kwao. Kurusha kulikusudiwa kufanyika juu ya paa: beseni la chuma la kuogea lingejazwa zege na kuangushwa kama mita 18, na kwa kamba inayopita kwenye kapi lingeivuta glaida hadi ipate mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, ivuke mto Mulde na kutua ng'ambo. Ngome ilikombolewa kabla hawajajaribu. Mwaka 2012 glaida ya mfano wa ukubwa uleule, iliyoongozwa kwa redio bila mtu ndani, ilirushwa kutoka paa lile kwa beseni la zege, ikavuka mto. Kwa hiyo hesabu yao ilikuwa sahihi, na kwangu mimi hilo ndilo la kufundisha darasani: uzito, kimo, kapi, mwendo. Fizikia nyingi ya sekondari imo humo.

Wapo pia waliolipa kwa uhai. Huko California, mwezi Aprili 1905, Daniel Maloney alipandishwa na puto la hewa moto akiwa kwenye glaida ya John Montgomery, akajiachia angani juu sana na kutua salama. Mwezi Julai mwaka huohuo kamba ya puto iliiharibu glaida wakati wa kupaa, naye alipojiachia ilishindwa kuruka, akafa. Kama kwenu, kosa lilikuwa la kamba.

Msomaji wa Tukuyu

Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze jambo linalogusa swali lako la pili.

Mwezi Mei 1945 ndege ya jeshi la Marekani ilianguka karibu na bonde la Baliem, kisiwani Guinea Mpya, na kati ya watu 24 wakapona watatu. Bonde lile liko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Mbeya mjini, limezungukwa na milima, na ndege kubwa isingeweza kutua humo na kuondoka tena. Wakapeleka glaida aina ya Waco, yenye mifupa ya mabomba ya chuma iliyovikwa kitambaa. Ilipotua, kamba ya nailoni iliyofungwa puani mwake ilining'inizwa kwa kitanzi juu ya nguzo mbili. Ndege ya injini ikaja chini kabisa, kulabu inaning'inia tumboni, ikakinasa kile kitanzi na kuinyakua glaida na watu wake, kama mwewe anyakuavyo kifaranga. Mshtuko ulipunguzwa kwa njia mbili: nailoni hunyumbuka, na ndani ya ndege mlikuwa na pipa lililozungushiwa waya, lenye breki, ambalo lilifunguka kidogo kidogo badala ya kukaza ghafla. Glaida iliyosimama kabisa ilipata mwendo wa kuruka katika sekunde chache.

Kuhusu hewa yetu, hesabu si ngumu. Kwa mita 1,700 msongamano wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, na kule Kitulo, mita 2,600, ni kama asilimia 77. Glaida inayohitaji kilomita 60 kwa saa ili ipae Dar es Salaam itahitaji karibu 65 Mbeya na 68 Kitulo. Ongezeko linaonekana dogo, lakini nishati huenda kwa mraba wa mwendo, hivyo Mbeya mpira wenu unatakiwa kutoa nishati zaidi kwa asilimia 18 hivi, na Kitulo asilimia 29. Mkiuvuta zaidi ili kufidia, kamba nayo inabeba zaidi.

Mwalimu wa Uyole

Marahaba, na ndaga fijo nyote wawili. Sasa naona kwamba sisi tuliongeza mvuto siku ile bila kuipima kamba wala kuitazama kulabu. Fundi, kulabu yetu ni msumari wa inchi tatu uliopindwa, ncha yake ikielekea juu kidogo. Je, kosa ni hapo?

Fundi Kapi, Iringa

Ni hapo hasa. Ncha ya kulabu ielekee nyuma, mkiani, wala isipinde kurudi juu, na uso wake upigwe msasa hadi uwe laini. Kamba ikiwa imekaza, pete hukaa. Ikilegea, pete huteleza yenyewe. Iweke mbele kidogo ya kitovu cha uzito, kwa sababu ikiwa nyuma yake glaida huyumba na kupinduka. Kisha mshone kitambaa kidogo mithili ya mwavuli karibu na pete: glaida ikishapaa, upepo hukivuta na kuichomoa pete hata ikiwa inasita, tena kamba hushuka polepole badala ya kuchapa watu.

Kwa mbawa za mita 2, mpira wa mita 30 na kamba ya mita 120 hutosha. Pimeni mvuto kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza nyama. Mkifika mara tatu ya uzito wa glaida, simameni hapo kwanza. Kati ya pete na kamba tieni kipande cha uzi dhaifu kuliko bawa, mlichokijaribu mezani mkajua hukatika kwa uzito gani. Glaida kubwa zinazovutwa kwa winchi nazo huwa na kiungo cha namna hiyo, ili kikatike kabla ya bawa. Wanafunzi wote wakae nyuma ya anayeachia, asiwepo hata mmoja kando ya kamba.

Ukishapinda kulabu upya, weka picha yake hapa kabla hamjarudi mtelemkoni, niitazame.