Mafuta ya pilipili yanaunguza halafu goti linatulia, inakuwaje?

mwana_mbagala: Wakuu habari za saa hizi. Bi mkubwa magoti yanamsumbua, jirani kampa mafuta ya kuchua yana pilipili na karafuu, siku za mwanzo alikuwa analia panawaka kama pasi, sahivi wiki zimepita anasema goti limetulia. Kinachounguza kinatulizaje maumivu? Au tunapigwa?

Mzee wa Maabara: Hampigwi mkuu. Pilipili inaidanganya neva tu. Kwenye ncha za neva za maumivu kuna kimlango kinaitwa TRPV1, chenyewe kinafunguka joto likifika kama nyuzi 43, kalisiamu na sodiamu zinaingia ndani na ubongo unapewa taarifa kuna moto. Sasa kapsaisini ya pilipili inakifungua hata joto halipo, na ukipaka kila siku kalisiamu inaingia mpaka kimlango kinazubaa na zile ncha zinasinyaa kwa muda, ndo hapo goti linakaa kimya. David Julius na wenzake Marekani walikipata 1997, 2021 akala Nobeli pamoja na Ardem Patapoutian. Kuna mpaka plasta ya hospitali ya kapsaisini 8% kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. (Kuku mpe pilipili kichaa atakula tu, TRPV1 ya ndege haiijui kapsaisini.)

Mama Tausi: Na zile za minti mbona zinapoza na zenyewe zinasaidia?

Mzee wa Maabara: Mchezo ule ule dada ila mlango mwingine, TRPM8, wa baridi. Karafuu ndo ina mambo zaidi, yujenoli yake inagusa TRPV1 na pia inaziba njia za sodiamu zinazopitisha umeme wa neva, ndo ile ganzi ya jino. Madaktari wa meno wanaichanganya na zinki oksaidi kuzibia jino, harufu ya kliniki zao ndo hiyo.

Nesi Temeke: Mwana_mbagala, mama ana sukari? Kama ana ganzi miguuni asipake bila kumuona daktari, ngozi itatoka malengelenge na hatasikia. Na wewe unayempaka nawa kwa sabuni, maji matupu hayatoi kapsaisini, ukijigusa jicho utaniambia.

mwana_mbagala: Duh, sukari anayo. Ganzi sijawahi kumuuliza, leo hapakwi mtu kwanza.